Dhamana ya Njia Iliyoandikwa: Vitabu vya Mwongozo wa Matembezi ya Masafa Marefu na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kitabu cha mwongozo wa matembezi ya miguu kinavyojengwa, na yanayoipata njia baada ya maelezo yake kuchapishwa. Mfano mkuu ni kazi za Hilary na George Bradt, wanandoa waliotembea Amerika ya Kusini na Afrika katika miaka ya 1970. Hoja yetu ni kwamba mwongozo ni dhamana: msomaji hukabidhi usalama wake kwa sentensi za mtu asiyemjua. Kwa hiyo lugha ya mwongozo, uhuishaji wake na utambuzi wa wenye maarifa ya njia ni masuala yanayostahili kuzingatiwa na watunga sera.

1.0 Utangulizi

Mtembezi aliyebeba hema na chakula cha siku nne katika shanta lake hana nafasi kubwa ya kukosea. Akielekezwa kwenye chemchemi iliyokwisha kauka, au akichelewa kuvuka mlima kabla ukungu haujatanda, kosa la mwandishi humwangukia yeye. Hapa ndipo vitabu hivi vinapotofautiana na vitabu vya jumla vya utalii: vinaeleza njia hatua kwa hatua, na kuaminika kwake kunatokana na miguu ya walioviandika.

2.0 Mfano wa Hilary na George Bradt

Mwaka 1973, wakiwa nchini Bolivia, wanandoa hao waliteremka kwa tishari katika mmoja wa mito inayolisha Amazon. Humo ndimo walimoandika maelezo ya njia walizozitembea Peru na Bolivia. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1974, kikawa miongoni mwa miongozo ya kwanza ya Kiingereza kueleza Njia ya Wainka iendayo Machu Picchu. Mwaka 1977 walichapisha Backpacker's Africa, kuhusu matembezi barani kwetu. Kutokana na kazi hizo ilizaliwa kampuni ya uchapishaji ya Bradt, ambayo Hilary aliendelea kuiongoza kwa miaka mingi.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, safari ilitangulia uandishi. Pili, uandishi wa wawili una faida ya kimbinu: mwendo na kumbukumbu za mmoja hupimwa kwa za mwenzake, na jambo ambalo mmoja analiona dhahiri, mwingine huweza kulihoji kabla halijamfikia msomaji.

3.0 Ujenzi wa Maelezo ya Njia

Maelezo kamili ya njia hujibu maswali machache: maji yako wapi, kambi iko wapi, mwinuko ni kiasi gani, na hatua inachukua muda gani. Milimani, muda una thamani kuliko umbali, kwa kuwa kilomita tano za mpando mkali zinaweza kumaliza nusu siku. Aidha, maelezo hutegemea alama zisizohama. Jabali au makutano ya mito hudumu. Mti, ua au kibanda cha mchungaji huweza kutoweka katika msimu mmoja. Hata "upande wa kushoto wa mto" hupotosha ikiwa mwandishi hakutaja kama msomaji anafuata maji au anayapa mgongo.

4.0 Njia Baada ya Kuchapishwa

Njia ya Wainka, yenye urefu wa takriban kilomita 43, hupanda hadi mita 4,215 katika kivuko cha Warmiwañusca. Hifadhi ya Machu Picchu iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1983. Kadiri watembezi walivyoongezeka, taka, mmomonyoko na mizigo ya wapagazi vikawa mambo ya serikali. Kanuni zilizoanzishwa tangu mwaka 2001 zimewataka watalii kuongozana na waongozaji walioidhinishwa, na zimeweka ukomo wa watu 500 kwa siku, wapagazi wakiwamo. Sheria ya wapagazi ya mwaka huohuo iliweka ukomo wa mzigo kuwa kilo 20. Kila Februari njia hufungwa kwa matengenezo.

Si haki kuitwika kazi moja lawama ya msongamano huo. Wakala wa safari na matangazo vilichangia pia. Hata hivyo, mtu atakayekwenda leo na toleo la 1974, akiwa peke yake na hema lake, atarudishwa langoni. Mwongozo usiohuishwa hugeuka kuwa kumbukumbu ya kihistoria.

5.0 Nafasi ya Kiswahili

Katika Mlima Kilimanjaro, waongozaji na wapagazi huendesha kazi yao ya kila siku kwa Kiswahili. Katika Rwenzori, Wakonzo ndio walioongoza wageni kwa vizazi. Lakini mwongozo mashuhuri wa Osmaston na Pasteur wa mwaka 1972 uliandikwa kwa Kiingereza. Maarifa yako katika lugha moja, maandishi katika nyingine.

Pengo hilo lina hatari. Katika Kiswahili, "saa 3" huweza kuwa wakati wa asubuhi au muda wa mwendo. Tena, saa 12 alfajiri ya mwenyeji ni saa 6 ya mgeni. Mfasiri asiyeangalia anaweza kumchelewesha mtembezi kwa saa sita nzima. Mwongozo wa Kiswahili hauna budi kuandika "mwendo wa saa tatu" kwa muda, na kutaja kipindi cha siku kila panapotajwa wakati.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Nchi zetu zinaendelea kufungua njia mpya, kama ile ya kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Tunapendekeza kwamba mamlaka za hifadhi zidhamini miongozo ya Kiswahili. Waongozaji na wapagazi watambuliwe na kulipwa kama waandishi wenza. Kila toleo litaje tarehe ambayo njia ilitembewa mara ya mwisho. Na uwezo wa njia kuhimili watu ukadiriwe kabla ya maelezo kuchapishwa. Peru iliweka kanuni baada ya umati kufika. Sisi bado tuna nafasi ya kuzitanguliza.