Chumba Umeshalipia, Mbona Hoteli Bado Inataka Kadi?

Ukisafiri kwenda Dubai, Johannesburg au hata hapa kwetu Mombasa, unaweza kukutana na jambo hili mapokezini: chumba kimelipiwa, pasipoti au kitambulisho kiko mkononi, lakini bado unaambiwa, "Tunaomba kadi yako." Dakika chache baadaye SMS inaingia kwamba salio limepungua. Je, umelipishwa mara mbili?

Mara nyingi, hapana. Pesa hazijachukuliwa, zimeshikiliwa tu. Lakini usipopanga mapema, pesa zilizoshikiliwa zinaweza kukuacha ugenini bila hata nauli ya teksi.

Kadi ni ya kazi gani?

Hoteli inakukabidhi chumba kabla haijajua utatumia nini. Kuna soda za kwenye friji, chakula cha kuletwa chumbani, nguo za kufuliwa, au taulo litakalopotea. Kadi ni dhamana ya hayo. Kuna pia ada ambazo hazimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Dubai, kwa mfano, hutoza ada ya utalii iitwayo Tourism Dirham tangu 2014: dirham 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku, kulingana na daraja la hoteli. Mara nyingi hulipwa pale pale hotelini.

Zuio linafanyaje kazi?

Hoteli hutuma ombi kupitia mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, hadi kwa benki au kampuni iliyokupa kadi. Ikikubaliwa, kiasi hicho kinatengwa: bado ni chako, ila huwezi kukitumia. Ukiondoka, hoteli inachukua bili halisi na kuachilia kilichobaki. Kuachiliwa huko huweza kuchukua siku kadhaa, na wakati mwingine wiki, maana hoteli na aliyekupa kadi wote wana sehemu yao ya kazi.

Kadi zote si sawa

- Kadi ya mkopo: zuio hupunguza kiwango unachoweza kukopa. Pesa zako za benki haziguswi.
- Kadi ya kawaida ya benki: zuio linakaa kwenye pesa zako mwenyewe, zile za karo na kodi ya nyumba.
- Kadi pepe iliyounganishwa na akaunti ya simu: nayo hutumia pesa zako mwenyewe. Tena haina plastiki ya kuingiza kwenye mashine. Ni nzuri kwa kulipia chumba mtandaoni, lakini hoteli nyingi hutaka kadi ya kushikika, yenye jina la mgeni. Usisafiri ukiitegemea hiyo peke yake.

Tupige hesabu

Tuseme chumba ni shilingi 12,000 kwa usiku, unakaa siku tatu na utalipa ukiondoka. Hoteli inaongeza 5,000 kwa kila siku kama dhamana. Zuio: 36,000 + 15,000 = 51,000. Kama ulikuwa na 55,000, unabaki na 4,000 za matumizi.

Siku ya kuondoka bili ni 38,800. Ukilipa kwa kadi ile ile, zile 12,200 zilizozidi zitaachiliwa. Lakini ukiamua kulipa kwa njia nyingine, na hoteli isifute zuio, utakuwa umelipa 38,800 huku 51,000 bado zimefungwa. Hapo 89,800 zimekutoka mkononi kwa muda, kwa bili ya 38,800!

Je, naweza kuweka amana kwa simu?

Hapa Kenya hoteli nyingi hukubali. Ila elewa jambo moja: ukituma amana kwa simu, hayo ni malipo kamili, si zuio. Pesa zimeshatoka na hazitarudi zenyewe. Ni lazima hoteli izirudishe. Kwa hiyo tuma kwa nambari ya malipo ya biashara, si kwa nambari ya mfanyakazi, na uhakikishe jina linalotokea ni la hoteli. Dai risiti iliyoandikwa kwamba ni amana ya kurudishwa.

Kabla hujafunga begi

1. Piga simu hotelini uulize: mnashikilia kiasi gani, kwa sarafu gani, na mnakubali kadi ya aina gani?
2. Weka pesa za chakula na usafiri kwenye akaunti tofauti na ya kadi ya hoteli.
3. Nje ya nchi, mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au sarafu ya huko, chagua sarafu ya huko. Ukichagua shilingi, unakubali kiwango cha ubadilishaji cha mashine, na mara nyingi ni ghali zaidi.
4. Usitume picha ya kadi wala zile nambari tatu za nyuma kwa WhatsApp. Pini usimpe yeyote.
5. Ukiondoka, lipa kwa kadi iliyowekwa zuio, au omba lifutwe ukiwa bado mapokezini. Beba bili ya mwisho.

Siku zikipita na pesa hazijaachiliwa, anza na hoteli: waombe wathibitishe kwa maandishi kwamba wamefuta zuio. Kisha wasiliana na aliyekupa kadi ukiwa na bili, tarehe na SMS ya siku ulipoingia. Kwa hiyo zile SMS, usizifute mapema.