Wati za Kilima cha Nyakitonto

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape habari za mashindano ya watu wenye roho ngumu. Mwaka 1978, huko Hawaii, wanaume 15 waliogelea baharini kilomita 3.8, wakatoka majini wakapanda baiskeli kilomita 180, kisha wakakimbia kilomita 42. Yote siku moja! Waliomaliza ni 12. Leo mashindano hayo yapo nchi nyingi, na wengi huyaharibia kwenye baiskeli: mtu anakanyaga kwa pupa, miguu inaisha, na mbio zote bado zinamsubiri.

Atajuaje kwamba amezidisha? Kasi itamdanganya. Ninyi wa Nyakitonto mnajua: mteremkoni unakwenda mbio bila kukanyaga, mlimani unatokwa jasho na mtembea kwa miguu anakupita. Ndiyo maana Mjerumani Ulrich Schoberer, mwaka 1986, alitengeneza kipima nguvu cha baiskeli. Ukikanyaga pedeli, chuma kinachopokea msukumo huo hupinda kidogo mno, jicho halioni. Vihisio vilivyobandikwa kwenye chuma hicho huona. Kifaa huzidisha nguvu ya kuzungusha kwa kasi ya mzunguko, na jibu linatokea kwenye usukani kwa wati, kizio cha nguvu.

Tupige hesabu, hii naipenda sana. Kijana kilo 60, baiskeli kilo 20, gunia la mkaa kwenye keria kilo 70. Jumla 150. Apande kimo cha mita 100 kwa dakika 10. Zidisha 150 kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, kisha kwa 100, ugawe kwa sekunde 600. Ni wati 245, na hapo upepo na matope hatujavigusa! Shusha gunia: kilima kilekile, kwa kasi ileile, kinamdai wati 131 tu.

Sasa turudi kwa mwanamichezo wa yale mashindano: yeye hujipima kwanza. Anakanyaga dakika 20 kwa uwezo wake wote. Wastani ukiwa wati 200, anatoa asilimia 5, inabaki 190, makadirio ya nguvu anayoweza kuishikilia saa nzima. Siku ya kilomita 180 wakufunzi wengi humtaka abaki karibu na asilimia 70 ya hiyo: wati 133. Mwanzoni ataona ni mchezo, na hapo ndipo penye kazi, maana wenzake wanampita na moyo unawaka.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa baiskeli na David Kinjah, alishinda mbio za baiskeli za Tour de France mara 4. Wapinzani walipochomoka milimani, alijulikana kwa kuinamia kipimo chake, akashika mwendo wake, akawafikia huko mbele. Kwangu mimi huo ni ujasiri mkubwa kuliko kuwafukuza.

Kifaa hiki ni ghali. Lakini hata mwili unapima. Mkipandisha kilima, mwambie mwenzako sentensi nzima. Ukishindwa kuimaliza bila kukatwa na pumzi, umezidisha, punguza. Jaribuni siku ya gulio, mje mniambie mmefika na pumzi kiasi gani.