Kiharusi na Mshipa wa Shingo

Mtu akipooza upande mmoja, mdomo ukaenda kombo na ulimi ukawa mzito, aghalabu husemwa katika pwani yetu kwamba amepigwa na upepo au ameguswa na jini. Lakini tabibu wa Bombo, hospitali ile ya Tanga ya tangu zama za Wadachi iliyo njiani kwenda Raskazone, atakuambia kuwa kilichopatwa ni ubongo, na kwamba ama mshipa umeziba, damu isipite, ama umepasuka, damu ikamwagika.

Tofauti hiyo ni ya kufa na kupona, kwani aspirini imfaayo wa kwanza yaweza kumwangamiza wa pili, na kwa macho wagonjwa hawa hufanana hata bingwa asiweze kuapa. Kinachokata shauri ni CT skani ya kichwa. Altrasaundi ya shingo haikati shauri hilo, na asidanganywe mtu.

Kazi ya altrasaundi hiyo huja baadaye, nayo ni adhimu. Mgonjwa hulazwa chali, shingo ikageuzwa kando na kupakwa jeli baridi, kisha mtaalamu akapitisha kifaa taratibu toka juu ya mtulinga hata pembe ya taya, pale mshipa mkuu ugawanyikapo, tawi moja likaenda usoni na jingine ubongoni. Hapo ndipo mafuta na chokaa hujijenga. Kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, mashine hupima mwendo wa damu, ambayo hukimbia panapobanwa kama maji ya mpira uliominywa. Ukizidi sentimita 230 kwa sekunde, aghalabu mshipa umebanwa kwa asilimia 70 au zaidi. Akiwa huyo ana kiharusi cha kuziba upande uleule, yaelekea bonge lilimeguka hapo, na tafiti za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilizotangazwa mwaka 1991 zilithibitisha kuwa kuusafisha mshipa kwa upasuaji huwakinga wengi na kiharusi kingine. Shingo ikiwa safi, sababu hutafutwa moyoni, au katika mishipa midogo ya ubongo iliyochakazwa na presha.

Na kwetu Waafrika, ambao kubanwa mshipa wa shingo ni nadra kuliko kwa Wazungu, presha ndiyo hasimu mkuu. Kwa hiyo shingo safi isimpumbaze mtu akaacha dawa zake.

Basi, ndugu msomaji, mzee wako akipinda mdomo, usimpe aspirini kwa kubahatisha wala usimngoje mganga: ishike saa dalili zilipoanza, umfikishe hospitali papo hapo.