Benchi la Useremala Nyumbani

Akina mama wengi ambao waume zao wana kijikarakana nyuma ya nyumba huliona benchi la useremala kuwa ni jambo la baba. Lakini watoto hulipanda, na cherehani inapoharibika ni juu ya benchi hilo hilo inapofunguliwa. Tena anayefagia hapo jioni ni mama. Basi si vibaya naye akajua linavyotunzwa.

Mbao isiyopakwa kitu hunywa kila kinachomwagika: gundi, chai, grisi. Hunywa pia unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa kiangazi, hivyo hutanuka na kusinyaa mpaka ikapinda. Kwa sababu hiyo benchi hupakwa juu na chini, si upande unaoonekana tu.

Wengi hupenda vanishi kwa kuwa inang'aa. Kwa kabati la sebuleni, sawa. Kwa benchi, mimi siipendi hata kidogo. Nyundo ikianguka mara moja tu vanishi hupasuka, maji hupenya chini yake, na kuitengeneza ni mpaka ukwangue yote. Mafuta ya linsidi, yale yanayokamuliwa kutoka mbegu za kitani, huingia ndani ya mbao, na palipochubuka hupakwa upya pale pale.

Kazi yenyewe si ngumu. Sugua kwa msasa namba 80, kisha 120, ufute vumbi. Tumia mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, maana mabichi hukawia sana kukauka. Kwa mkono wa kwanza yachanganye na tapentaini kiasi sawa ili yapenye. Paka, subiri kama robo saa, halafu futa yote yaliyobaki juu. Yakiachwa yatanata kwa majuma mengi. Acha siku moja au mbili, urudie mara mbili zaidi. Yakishakauka vizuri, paka nta kidogo, na gundi itakayodondoka itabanduka kwa kucha.

Lakini mafuta hayo ya dukani aghalabu hutiwa dawa za kuyakausha upesi, kwa hiyo usiyapake kibao cha kukatia nyama wala meza ya kukandia unga. Tapentaini nayo isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa usimtapishe, kwa kuwa akitapika inaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Sasa tuje kwenye vitambaa. Linsidi haikauki kama maji. Hushikana na hewa ya oksijeni, na katika kushikana huko hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo. Kilichofinyangwa na kutupwa kwenye kapu hulihifadhi, na baada ya saa chache kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Mnamo Februari 23, 1991, huko Philadelphia, Marekani, vitambaa vya namna hii vilivyoachwa na mafundi viliwasha jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38. Wazima moto watatu walikufa.

Na nani nyumbani hukusanya matambara? Ni mama, au binti anayemsaidia. Huyaokota kwa nia njema na kuyatia kwenye kapu la nguo chafu, au kuyasukuma chini ya benchi penye maranda. Usifanye hivyo. Yaanike nje, moja moja, juu ya kamba au sakafu ya saruji, mbali na nyumba, mpaka yakakamae kabisa. Kama mvua inanyesha, yazamishe katika kopo la bati lenye maji na kulifunika. Ukikuta rundo lililosahauliwa tangu mchana, lisogezee kiganja bila kuligusa. Likiwa na joto au harufu ya kuungua, lichukue kwa koleo ulitoe uani, ulimwagie maji, kisha ndipo umwite baba watoto.