Kodi Isiyokaliwa

Nilikwenda Magomeni kumtafutia chumba mpwa wangu aliyepata kazi mjini, wala sikuwa na nia ya kuandika lolote. Lakini bibi mwenye nyumba, aliyeketi mkekani barazani akipepeta mchele, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kunitajia kodi, aliagiza daftari lake liletwe kutoka ndani, na daftari hilo limenishughulisha moyo tangu siku ile hata leo.

Lilikuwa kaunta buku la kwaya tatu, lililovikwa karatasi ya kaki, pembe zake zimelainika kwa vidole vya miaka mingi. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mkono wa marehemu mumewe. Zinazofuata ni mkono wake mwenyewe, mwandiko mkubwa uliosimama wima. Kila mpangaji ana ukurasa wake, na kila ukurasa una safu mbili: ya kulia imeandikwa "Iliyopokewa", ya kushoto "Isiyokaliwa". Mpangaji alipapo miezi sita kwa mkupuo, fedha yote huingia safu ya kushoto, mwezi chini ya mwezi, kuwa ni deni juu ya mwenye nyumba. Na kila mwezi unapokwisha, bibi huyu huweka ukingo wa kitana juu ya tarakimu moja, akaivutia mstari, ndipo, wala si kabla ya hapo, fedha ya mwezi ule ikahesabiwa kuwa halali yake. Nimewahi kuona hesabu za makampuni makubwa. Sikumbuki kuona insafu iliyochorwa kwa kitana.

Jinsi nyumba za mji huu zinavyojengwa msomaji anajua: benki hutaka hati na karatasi ya mshahara, na mjane muuza maandazi hana hata moja, basi nyumba hupanda tofali kwa tofali. Vyumba sita vya mbele, vilivyotazamana ukumbini, aliviacha mumewe. Vinne vya uani vimejengwa na yeye, kwa kodi za wapangaji. Mwaka 2016 chumba cha tatu cha uani kilikuwa kuta tupu alipokuja kijana mchukuzi wa mizigo Kariakoo, akalipa miezi sita kwa shilingi 40,000 kila mwezi, na zile 240,000 zikawa mabati, mbao na misumari.

"Alikodi ukuta, mwanangu," akaniambia. "Akalala kwa rafikiye wiki mbili mpaka fundi akaezeka. Benki yangu ilikuwa ni yeye. Alinikopesha bila riba wala rehani. Mtu kama huyo utamtolea maneno mlangoni?"

Hata kodi ya jengo, ambayo serikali huikata katika LUKU tangu mwaka 2021, nayo ikiwa juu ya mwenye nyumba ingawa anunuaye umeme ni mpangaji, yeye huirejesha, shilingi 1,500 kila mwezi, kwa wino mwekundu.

Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ya chumba ni mapatano ya wawili, ambao aghalabu mmoja wao ana haja kuliko mwenziwe. Kumtaka mtu wa kibarua nusu mwaka taslimu ni mzigo mzito, nami sioni sababu ya kuufunika kwa maneno laini. Bibi hakukataa. Alinisimulia habari ya fundi cherehani aliyefariki katika mwezi wa tatu, na mama yake akaja kutoka Singida kuchukua cherehani. Fedha ilikwisha kuwa saruji, basi bibi akauza bangili yake, akamkabidhi mama yule miezi mitatu iliyosalia.

"Kodi isiyokaliwa ni amana. Nikifa leo, deni hulipwa kabla ya mirathi. Wanangu nimewasomea daftari hili."

Nikamwuliza wanawe walisemaje. Akarejea kwenye ungo wake.

Kisha akafunua ukurasa wa yule mchukuzi wa Kariakoo. Mistari ilikuwa minne. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa wazi. Kijana alitoka alfajiri moja na hakurudi, na hakuna aliyekuja kumwulizia. Chumba kile leo ni shilingi 80,000.

"Akija, au akija nduguye, nimpe nini? Nikimrudishia 80,000 zake za wakati ule, ni kodi ya mwezi mmoja tu, naye aliniachia miwili. Isije ikawa dhuluma. Nikimwongezea, isije ikawa riba. Wewe uliyesoma, wasemaje?"

Sikuwa na la kusema, wala leo sina. Akangoja kidogo, akalamba kidole, akafunua ukurasa mweupe. Akaandika jina la mpwa wangu, na chini yake, safu ya kushoto, akapanga 80,000 mara sita.