Motopompi inatoa moshi ya bluu: tupime silinda mbele ya kununua ingine

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu munaongoja nyumbani,

Upande wa Manguredjipa, motopompi ikisimama, maji inapanda mu shimo na kazi yote inasimama. Mara mingi mwenye shimo anasema: «Moteri imekufa, tununue ingine Butembo.» Deni inawekwa juu ya wachimbaji. Lakini mara mingi moteri haijafa. Silinda njo imelika.

Inalika na vumbi inayopita mu filtri ya hewa iliyopasuka, na mafuta ya moteri ya zamani. Alama ni hizi: moshi ya bluu, mafuta inaisha mbio, kamba inavutika mwepesi, maji inapanda bila nguvu.

Fundi afanye hivi: atoe buji, amimine mafuta kidogo mu silinda, arudishe buji, avute kamba. Ikiwa ngumu kuliko mbele, segma (pete za pistoni) ao silinda imelika. Isipobadilika, aangalie supapi.

Kisha apime. Silinda ya Honda GX160, na ya moteri mingi za Kichina zinazoiga, ni 68 mm. Ikipita 68,165 mm, segma mpya peke yake haitasaidia. Kwa fundi mwenye mashine ya kupanua, Butembo ao Beni, silinda inapanuliwa na inawekwa pistoni kubwa zaidi, ya 0,25 ao 0,50 mm, pamoja na segma zake. Lakini mununue pistoni kwanza, fundi apanue kwa kuifuata. Kama silinda imechimbika sana, wabadilishe shemize ao moteri yenyewe.

Ikitoka garaji, mafuta ibadilishwe kisha saa 20 za kwanza. Filtri isafishwe kila saa 50, na mbele ya pale kama vumbi ni mingi.

Neno ingine: musishushe moteri mu shimo hata siku moja, nzima ao mbovu. Moshi yake iko na sumu isiyo na harufu, inayoua mutu mbele ajue kama iko hatarini. Moteri ibaki inje, mbali na mulango wa shimo. Mupira wa maji njo ushuke.

Na bei? Pompi ni chombo cha mwenye shimo. Mbele ya kukubali kukatwa hata franga moja, muombe vitu vitatu: kipimo cha silinda kimeandikwa, fakture ya fundi, na karatasi inayoonyesha nani analipa ngapi. Muende pamoja, si mutu mumoja mumoja. Deni isiyo na karatasi, tusiibebe.