Bonde la Wafumaji Katika Vita vya 1914

Kaskazini ya Uingereza, katika jimbo la Lancashire, uko mji wa Accrington, ndani ya bonde la mto Hyndburn. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mji huu na jirani zake uliishi kwa pamba. Pamba yenyewe haikuota huko hata mche mmoja. Ilitoka Marekani, Misri, na kidogo Uganda, ambako wakulima walikuwa wameletewa zao hilo miaka michache tu nyuma.

Wengi hudhani vijana wa Accrington walijiandikisha jeshini kwa kumpenda Mfalme tu. Wapo waliokwenda hivyo. Lakini, ndugu mfanyakazi, tazama mifuko yao. Mwezi wa Julai 1914 kiwanda kikubwa kupita vyote mjini, cha Howard & Bullough, kilichotengeneza mashine za kusokotea nyuzi, kiligombana na mafundi wake, na maelfu wakafungiwa nje ya lango. Agosti vita vikaanza, biashara ya nguo ikakwama, na viwanda vingi vya kufuma vikasimama au vikafanya kazi nusu. Basi Meya, John Harwood, alipotangaza Septemba kwamba mji utatoa kikosi chake wenyewe, watu kama elfu moja kutoka Accrington na miji ya jirani walipatikana kwa siku kumi. Askari alilipwa shilingi moja kwa siku. Kuanzia Oktoba mkewe alipata shilingi 12 na peni 6 kwa juma, na katika hizo shilingi 3 na nusu zilikatwa kwenye mshahara wa mumewe.

Waliwekwa pamoja ndugu kwa ndugu na jirani kwa jirani. Hilo liliwapendeza sana wakati ule.

Wanawake wa bonde hili hawakungoja vita ndipo waingie kiwandani. Walikuwamo tangu zamani, nao ndio waliokuwa wengi katika chama cha wafumaji. Walilipwa kwa orodha moja ya bei ya kazi pamoja na wanaume, jambo adimu Uingereza siku zile. Kwa kawaida mfumaji aliangalia mashine nne, na kwa kelele ya banda watu walisemezana kwa kutazamana midomo. Mtoto mchanga aliachwa kwa bibi, au kwa jirani aliyelipwa. Mtoto wa miaka 12 aliruhusiwa kushinda nusu ya siku kiwandani na nusu shuleni, akisinzia juu ya daftari. Sheria ya elimu ya 1918 ndiyo iliyoukomesha mtindo huo. Tusifiche neno: wanachama wengi wenyewe walikuwa wameutetea, maana senti za mtoto zilikuwa sehemu ya chakula cha nyumba.

Tarehe 1 Julai 1916, saa moja na nusu asubuhi, kikosi cha Accrington kiliamriwa kushambulia kijiji cha Serre, nchini Ufaransa. Bombomu za Wajerumani zilikuwa zikiwangoja. Katika watu kama 720 waliotoka, 584 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena, wengi wao katika nusu saa ya kwanza.

Mjini habari za mwanzo zilikuwa za ushindi. Kisha barua za majeruhi zikaanza kufika kutoka hospitali, na mapazia yakashushwa nyumba baada ya nyumba. Jamaa ya afisa aliyekufa walipelekewa telegramu. Jamaa ya askari wa kawaida walipata fomu kwa posta, jina limejazwa kwa mkono. Inasimuliwa hadi leo kwamba watu waliizunguka nyumba ya Meya wakidai waambiwe kweli. Na kwa kuwa vijana walikwenda pamoja, msiba uliingia mtaa mzima kwa juma moja; mama mmoja hakuwa na jirani wa kumliwaza, kwa sababu jirani naye alikuwa matangani.

Asubuhi mashine zilisubiri vile vile. Posho ya mjane haikutosha kodi na mkate, akarudi bandani.

Juni 1919 wafanyakazi wa pamba wa Lancashire, wanawake wakiwa wengi wao, waligoma kwa zaidi ya majuma mawili. Walirudi kazini wakiwa na nyongeza ya malipo, na juma la kazi la saa 48 badala ya 55 na nusu. Kwa mwanamke aliyelea peke yake, hizo zilikuwa saa saba na nusu za kukaa na watoto wake.